Mapindo Yaliyobaki

Moto uliwaka asubuhi, watu wakiwa kazini na watoto shuleni, na hilo ndilo jambo jema pekee unaloweza kulisema juu yake. Jirani aliona moshi ukifuka chini ya mlango, akapiga yowe. Hadi watu wanakusanya ndoo na mchanga, dari ilikuwa imeshashuka. Walisema ni waya wa umeme ulioungulia ukutani. Mwanamke aliyekuwa amepanga humo na binti yake alikuwa saluni, vidole vimezama kwenye nywele za mteja, simu ilipoita. Alifika mbio, aproni kiunoni, chanuo mkononi. Akasimama mbele ya kilichokuwa mlango wake, akatazama ndani, na kwa kuwa hakujua aifanyie nini mikono yake, akaanza kutoa nywele zilizonasa kwenye chanuo, unywele mmoja mmoja.

Alikuwa msusi, mjane, na nyumbani kwao walimwita Dukani. Jina hilo alilipata kwa kaka yake. Ukimsifia Dukani kiatu ukamuuliza kakitoa wapi, jibu lake lilikuwa hilo hilo: "Dukani." Alikuwa amezaliwa wa mwisho katika watoto wengi. Amekua akivaa viatu vya waliomtangulia, vimejazwa karatasi mbele ili visimtoke miguuni, na magauni yaliyokwisha kutolewa rangi na wengine. Alipoanza kushika pesa yake, akajiapiza kwamba havai tena kitu chenye jasho la mtu. Hata sufuria alitaka ile yenye kibandiko chake bado, na kibandiko chenyewe alikibandua taratibu, kama anayefungua zawadi.

Kaka yake alikuwa fundi rangi. Mke wa kaka yake alikuwa fundi cherehani. Wale wawili nyumbani waliitana "fundi" na "fundi," mgeni akisikia "Fundi, chai tayari" ilibidi asubiri aone ni nani anainuka. Watoto wao walikuwa wameshakua na kwenda na maisha yao. Nyumba ilibaki na vyumba viwili, kibaraza chenye cherehani, na vitu. Vitu vya kila namna. Makopo ya rangi yaliyokwisha yalivikwa mito juu yakawa viti. Vipande vya sabuni vilivyobaki vidogo kama ukucha viliingizwa kwenye soksi isiyo na mwenzake, soksi ikafungwa, ikawa ndiyo ya kuoshea vyombo. Mwavuli uliovunjika mbavu ulichunwa kitambaa chake, kikashonwa mfuko wa sokoni usiopitisha maji. Mkate uliokauka ulisagwa, ukasubiri samaki wa kukaangwa. Na kwenye kona ya kibaraza yalisimama magunia ya vipande vya nguo, manene, yameegemeana kama wazee wanaopiga soga.

Dukani alipokuwa akija kuwatembelea zamani, alikuwa akisimama mlangoni kwanza, amebeua midomo. "Wifi, hii nyumba au jaa lenye mlango?"

"Karibu jaani, wifi," fundi cherehani alikuwa akimjibu, akicheka. Alicheka, lakini neno lenyewe alilimeza kama mfupa.

Siku ya moto hakuna aliyetania. Fundi rangi alikwenda kumchukua dada yake akiwa na ovaroli yake ya kazini, amerukiwa na rangi nyeupe hadi kwenye nyusi. Wakampitia binti shuleni. Yule binti alikuwa na sare aliyoivaa, mkoba wake wa shule, na viatu. Mama yake alikuwa na aproni na chanuo. Hivyo ndivyo walivyoingia kwa mafundi wawili.

Fundi cherehani hakusema mengi. Alitandika kitanda cha chumba cha pili, akatoa kanga mbili, taulo, miswaki miwili mipya aliyotuma ikanunuliwe, kisha akaenda jikoni. Palikuwa na wali wa jana. Aliuponda, akavunjia mayai, akakatia kitunguu na pilipili hoho, akautengeneza vidonge bapa na kuvikaanga hadi vikawa na ukoko wa dhahabu. Binti alikula cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mama yake naye, aliyesema hana njaa, alijikuta akichukua kingine.

"Hivi vinaitwaje, anti?" binti akauliza.

"Vinaitwa jana," mjomba wake akajibu kwa mdomo uliojaa.

Dukani aliacha kutafuna. Alimtazama kaka yake, akaitazama sahani. Kisha akameza, akamalizia kidonge chake. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wote kumwona Dukani akila kiporo bila kukikebehi, na haikuwafurahisha.

Siku zikaenda. Dukani alirudi saluni, maana nywele za watu hazingoji. Alitoka mapema, akarudi amechoka, akaoga, akakaa kwenye kopo la rangi kibarazani akitazama barabara. Akipewa kitu alishukuru, shukrani fupi, iliyonyooka, kama ya mgeni siku ya kwanza. Hiyo ilimuumiza wifi yake kuliko yale maneno ya jaa.

Fundi cherehani alikuwa ameona jambo. Binti alikuwa na sketi moja ya shule. Kila akirudi aliifua, akaianika, na siku za mawingu aliivaa asubuhi ikiwa bado na unyevu, akatembea ameiachanisha na mapaja kwa vidole. Fundi akafungua kabati la mumewe. Kulikuwa na suruali ya bluu, kitambaa kizito, imechakaa magotini na kupauka upande wa nje. Akaifumua mshono kwa mshono, akaigeuza. Ndani bluu ilikuwa ile ile ya siku iliponunuliwa. Akaipiga pasi, akapanga ruwaza, zile karatasi za kukatia, ili magoti yaliyochakaa yaangukie nje ya sketi, akashona kutwa nzima, na marinda akayapiga pasi mara mbili. Ilipokwisha, usingejua.

Lakini Dukani alijua. Aliporudi akaikuta inaning'inia mlangoni, akaishika, akaigeuza pindoni, akaona alama za mishono ya zamani.

"Hii ni suruali ya kaka."

"Ilikuwa," fundi cherehani akasema. "Nimeigeuza. Tazama rangi ilivyo..."

"Mwanangu akavae suruali ya mjomba wake shuleni?" Sauti ilianza chini, ikapanda. "Wifi, nimenyamaza. Wali wa jana nimekula. Soksi ya sabuni nimeoshea vyombo. Lakini mimi na mwanangu si jaa! Kila kisichofaa msitutupie sisi!"

Binti alikuwa amesimama nyuma yake, akiiangalia ile sketi.

"Sijakutupia," wifi yake akasema. "Nimekushonea." Akaichukua sketi, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akaingia jikoni na kufunga mlango.

Kesho yake cherehani haikulia hata mara moja. Wateja walipita, wakaambiwa warudi. Chakula cha mchana kilipikwa na kupakuliwa bila neno. Fundi rangi, ambaye siku hiyo hakuwa na kazi ya nje, alionja supu, akaangalia huku na huku kutafuta chumvi, akaona afadhali asiulize.

Jioni alimfuata dada yake kibarazani, akavuta kopo akakaa.

"Mdogo wangu, huu ugomvi wenu mimi ndiye ninayeunywa. Supu ya leo ilikuwa maji ya moto yenye karoti."

Dukani hakucheka. Akasema, pole pole, kama anayejieleza mwenyewe:

"Kaka, unajua ni nini? Kila ninachokishika humu ndani ni cha mtu. Taulo ya mtu. Mto wa mtu. Kanga nikijifunga, ya mtu. Hata usingizi naona kama nimeazima. Sina kijiko, kaka. Sina hata kijiko nikaseme hiki changu. Picha ya harusi imeungua, nguo za marehemu nilizokuwa nimeziweka zimeungua. Sasa wifi ananiletea suruali. Najua ni nzuri. Nimeiona ni nzuri. Ndiyo maana nilipiga kelele."

Fundi rangi alikuwa mtu wa maneno mengi kwenye mambo madogo na asiye na neno kwenye makubwa. Alimpigapiga dada yake begani, akainuka, akaenda kuosha brashi zilizokuwa safi. Alipomaliza akaingia jikoni, akamweleza mkewe neno kwa neno.

Mkewe alikuwa akichambua mchele. Aliposikia habari ya kijiko, vidole vilisimama juu ya sinia.

"Hana chake hata kimoja," akarudia.

"Ndivyo alivyosema."

Fundi cherehani aliendelea kuutazama mchele bila kuuona. Alikuwa akifikiria jambo lililomchekesha kila mwaka, nalo sasa halikumchekesha. Wifi yake alikuwa mfupi. Mume wa wifi yake, Mungu amrehemu, alikuwa mfupi vile vile. Maduka hayakuwahi kuwashonea watu wafupi. Kwa hiyo kila gauni jipya, kila suruali, kila pazia, kila sketi ya shule iliyotoka dukani kwa mbwembwe, ilipita kwanza kwenye kibaraza hiki kupunguzwa. Dukani alikuja nayo kwenye mfuko wake, akasimama juu ya kiti, fundi akapiga magoti na pini mdomoni, akapima, akakata, akakunja pindo jipya. Nguo ikaenda na mwenyewe. Kilichokatwa kikabaki.

"Fundi," akamwambia mumewe, "kesho usiyaguse yale magunia. Nitayafungua."

Kesho yake binti alipotoka shule alimkuta anti yake amekaa sakafuni, kibaraza kizima kimefunikwa na vipande. Vya pamba, vya sufu, vya hariri ya uongo, vya sare za watu, vya mapazia ya nyumba ambazo hakuna aliyezikumbuka.

"Njoo unisaidie macho," anti akasema. "Tunatafuta vipande virefu vyembamba. Ukikijua kimojawapo, niambie."

Binti hakuelewa, lakini aliweka mkoba chini na kuanza kupekua. Haikupita muda akanyanyua utepe mrefu wa maua ya njano.

"Anti! Hili si gauni la mama? Lile alilovaa siku ile niliposoma shairi mbele ya wazazi?"

"Ndilo. Liweke hapa."

Baada ya hapo ikawa kama mchezo. Likaja pindo la pazia la sebuleni, kijani, lenye majani. Ikaja sketi ya kwanza ya shule, utepe mfupi kweli. Likaja la zambarau ambalo Dukani aliwahi kulivaa mara moja tu akasema linamfanya aonekane bilinganya. Binti alivilaza sakafuni vimepangana, akavinyoosha kwa kiganja, na kila kimoja alikisimulia: hiki cha siku fulani, hiki nguo yake niliitapikia. Mwisho kabisa, chini ya gunia la tatu, vikatoka vipande viwili vya kijivu, si tepe bali vya mviringo, kama vikuku vipana. Ni miguu ya suruali iliyokatwa chini. Binti akavivaa mikononi.

"Na hivi ni vya nani?"

Fundi cherehani alivitambua mara moja. Hakuwahi kujibu, kwa sababu Dukani alikuwa ameshafika, amesimama pale mlangoni na mkoba wake wa kazini.

Aliangalia vipande, kimoja baada ya kingine, kutoka kushoto kwenda kulia. Alikaa pale pale alipokuwa, nusu ndani nusu nje.

"Suti ya harusi," akasema.

"Ndiyo hiyo," wifi yake akajibu. "Mlinijia jioni ya kuamkia siku yenyewe, suruali inaburura kama pazia. Nilimkatia huku anatembea huku na huku kwa wasiwasi. Nikamwambia, bwana harusi, ukiendelea hivyo nitakupeleka kanisani na kaptula."

Binti alivivua vile vikuku, akampa mama yake. Mama yake akavifunika kwa viganja vyote viwili, akavipeleka puani. Vilinuka gunia. Akavishikilia hivyo hivyo.

"Wifi, ulivitunza vya nini miaka yote hii?"

Fundi cherehani angeweza kusema neno tamu, na lingeaminika. Lakini hakuwa mtu wa hivyo. "Sitakudanganya. Sikuvitunza kwa ajili yako. Niliona kitambaa kizuri, nikasema kitafaa. Kikakaa. Hakikufaa kitu mpaka leo."

Dukani akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakamtikisika, na katikati ya kicheko machozi yakashuka, asijue lipi limeanza na lipi limefuata. Binti akamkumbatia shingo. Fundi cherehani akasogea kwa magoti, katikati ya vipande, akamshika mkono.

"Lile neno la jaa," Dukani akasema alipopata pumzi. "Nisamehe, wifi. Nililitupa vibaya."

"Lilinipata, kweli."

"Najua. Nililenga."

Hapo wakacheka wote watatu, na fundi rangi aliyekuwa anarudi kutoka kazini akasimama njiani, akasikiliza, akatabasamu peke yake kabla ya kuingia.

Swali likawa: vifanywe nini? Fundi cherehani alivipima kwa jicho, akatikisa kichwa. Vyembamba mno. Gauni havitoi, shuka havitoi. Labda kujazia mto. Wakati anaeleza, Dukani alikuwa ameokota tepe tatu, wa njano, wa kijani na wa zambarau. Vidole vyake, vilivyozoea, vikaanza kazi bila kumuuliza mwenyewe. Kulia juu, kushoto juu, kaza. Kulia juu, kushoto juu, kaza. Mara likatoka suko nene, limekaza, rangi zinafuatana kama zimepangwa.

Fundi cherehani akaacha habari ya mto, akalivuta suko karibu. "Endelea," akasema. "Utepe ukikuishia, unganisha kipande kingine. Endelea usiache."

Kuanzia siku hiyo, kila jioni, Dukani alisuka na wifi yake akashona. Suko lilizungushwa kama konokono, mzunguko juu ya mzunguko, na kila mzunguko ukashikizwa kwa mwenzake kwa uzi mzito. Binti aliwapa vipande, akichagua rangi. Kazi haikuwa nyepesi. Sindano ilikatika zaidi ya mara moja.

"Usikaze hivyo, wifi! Utanimalizia sindano!"

"Hata wateja wangu husema hivyo hivyo," Dukani akajibu, "lakini wanarudi."

Likatoka zulia la duara, lenye ukubwa wa kutosha watu wawili kukaa wakanyoosha miguu. Vile vikuku vya kijivu Dukani alikataa visiingizwe. Alisema havikanyagwi. Vilikaa juu ya meza ya cherehani, hakuna aliyejua viwe nini, hadi siku mkanda wa mkoba wa binti ulipokatika. Fundi cherehani akaunganisha mkanda, lakini mahali pa kuunga palikuwa pagumu, pangemchubua. Akamtazama Dukani. Dukani akatazama vile vikuku, akavuta pumzi, akaitika kwa kichwa. Kimoja kilivishwa mkandani kama ala, kikatiwa pamba ndani, kikashonwa. Binti akauvaa mkoba, akajaribu kuruka.

"Baba alikuwa akinibeba begani," akasema.

"Basi sasa ni zamu yako," mama yake akamwambia. Cha pili alikichukua mwenyewe, akakiweka alikokiweka.

Jumatatu iliyofuata binti alikwenda shule na sketi ya bluu. Aliyeipiga pasi ni Dukani, na alipomaliza aliigeuza ndani nje akaitazama mishono yake kwa muda mrefu, kama mtu wa kazi ya mikono anavyotazama kazi ya mwenzake.

Baadaye chumba kilipatikana, mtaa wa nyuma ya saluni, chumba kimoja na sehemu ndogo ya jiko pembeni, kuta zimechubuka. Fundi rangi alisema hakuna kuhamia humo kabla yeye hajapita. Alikuja na mabaki ya kazi zake zote, kopo la bluu ya ofisi moja, robo ya waridi ya chumba cha watoto, nyeupe kidogo, na njano ambayo mteja aliikataa. Akayamimina ndooni, akakoroga kwa kijiti, wote wakainama kutazama. Rangi iliyotokea haikuwa na jina. Binti alisema ni ya asubuhi. Mjomba alisema ni ya samaki. Ukutani, hata hivyo, ilipokauka, ilitulia, na chumba kikawa kama kimeongezeka upana.

Dukani hakugeuka mtu mwingine. Siku ya kuhamia alikuwa na vijiko viwili vipya, vinang'aa, bado vimefungwa kwa karatasi, na alisema wazi kwamba hivyo hamwazimi mtu. Wifi yake akavishika, akavipima uzito, akasema ni vizuri sana. Alimaanisha. Zulia likatandikwa katikati, likaipa sakafu sura. Mama mmoja aliyepanga chumba cha jirani alipochungulia kusalimia, aliliinamia, akauliza kama linaweza kutengenezwa lingine, yeye ana nguo za mama yake na hajui azifanyeje. Dukani akamkaribisha akae.

Nyumba ya mafundi wawili ikarudi kwenye ukimya wake. Fundi cherehani alipika wali, akapakua, wakala, na alipofunua sufuria akaona imebaki nusu. Mikono ilikuwa imezoea kupikia wanne. Mumewe akachungulia juu ya bega lake.

"Haya tena. Utaufanya vidonge vya kesho?"

Alifikiri kidogo, mwiko mkononi. Jua lilikuwa bado lipo juu ya mapaa.

"Vaa viatu," akamwambia. "Bado ni wa moto."

Akaifunga sufuria kwa taulo la zamani alilolishonea masikio mawili ya kubebea, wakatoka. Njiani fundi rangi alilalamika kwamba sufuria ni nzito, na mkewe akamwambia aibebe vizuri, asiimwage. Walimkuta Dukani ameketi juu ya zulia na yule jirani, wamezungukwa na magauni ya mama wa watu, na binti yuko mlangoni anafanya hesabu zake. Akaruka kumpokea mjomba mzigo.

"Mmekula?" fundi cherehani akauliza.

"Tumekula," Dukani akasema, akisogeza magauni pembeni ili wapate pa kukaa. "Lakini lete."